Parke zifufuliwe, lakini dhuluma ya zamani isifufuliwe pamoja nazo

Mwaka 2025 parke ya Virunga ilitimiza miaka 100. Haukuwa wakati wa sherehe. Masisi-centre ilikuwa imeanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari, Goma ikafuata mwisho wa mwezi huo huo, na mwezi wa Machi waasi waliingia hata Walikale-centre kabla ya kuondoka tena mwanzoni mwa Aprili. Familia ambazo zilikuwa zimekimbilia kambi za pembeni ya Goma zilirudi vijijini mikono mitupu, na nyingi zilikuta nyumba imebomolewa na shamba limegeuka kichaka.

Lakini hata risasi zikilia, kuna watu wanaopanga kesho ya misitu hii. Januari 2025 serikali ya Kinshasa ilitangaza Ukanda wa Kijani Kivu-Kinshasa, eneo la uhifadhi linalozidi kilometa za mraba 500,000. Tarehe 27 Juni mwaka huo huo Kongo na Rwanda zilitia sahihi makubaliano ya amani huko Washington, na usimamizi wa hifadhi za taifa ukatajwa kati ya mambo ya uchumi ambayo nchi hizo mbili zitashirikiana. Kwa hiyo vita vikipoa, feza za kufufua parke zitatafutwa, na wataalamu watakuja na ramani zao. Jambo ambalo bado halijajibiwa ni hili: zitafufuliwa kwa njia gani, na nani atalipa gharama yake?

Wilaya mbili za Kivu Kaskazini zitaonja jibu hilo mapema kuliko nyingine. Upande wa magharibi wa volkano ya Nyamulagira, vijiji vya Masisi vinaishi pembeni ya msitu wa Virunga. Walikale nayo imebeba sehemu ya parke ya Kahuzi-Biega, upande ule wa tambarare kuelekea Itebero. Zote mbili zinajua maana ya kuwekewa mpaka na mtu ambaye hajawahi kulala kijijini. Ndiyo maana ukarabati wowote wa parke hizi lazima uanzie mpakani, kwa watu, kabla ya kufika katikati kwa wanyama na watalii. Usipoanzia hapo, dhuluma ya zamani itapakwa rangi mpya, na baada ya miaka michache uzio utavunjwa tena.

Mpaka ulichorwa bila mwenye shamba

Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa amri ya mfalme wa Ubelgiji, ikaitwa parke Albert kwa jina lake. Mwanzoni ilikuwa eneo dogo la volkano, kwa ajili ya kulinda gorila wa mlimani. Mwaka 1929 ikapanuliwa, na mwaka 1935 tena, mpaka ikawa inakaribia hekta 800,000. Katika miaka hiyo hiyo utawala wa kikoloni ulikuwa unagawa ardhi nyingine kwa walowezi. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, inayokumbukwa kwa kifupi CNKi, ikapewa ardhi kubwa sana ya kugawia wazungu wenye mashamba ya kahawa, chai na ng'ombe. Mkulima wa Masisi akajikuta katikati: upande mmoja parke, upande mwingine shamba la mzungu. Baada ya uhuru, na hasa baada ya mashamba ya wageni kutaifishwa miaka ya 1970, mashamba hayo yalipata wenye mali wapya, lakini hayakurudi kwa vijiji. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, na ardhi inayotumiwa kwa mila ikabaki bila hati iliyo wazi mpaka leo.

Kahuzi-Biega nayo ina historia inayofanana. Ilikuwa hifadhi ya msitu tangu 1937, ikawa parke ya taifa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000. Mwaka 1975 amri moja iliizidisha mara kumi, ikafika hekta 600,000, ikashuka kutoka milima ya Kabare na Kalehe mpaka misitu ya Shabunda, Walikale na Punia. Vijiji vilivyokuwa hapo havikuulizwa. Watu walilala wakiwa wakulima na wawindaji wa misitu ya babu zao, wakaamka kwenye karatasi wakiwa wavamizi wa parke.

Batwa waliumia kuliko wote. Katika miaka ya 1970 walifukuzwa kutoka msitu wa Kahuzi bila fidia na bila mahali pengine pa kwenda. Walichokuwa nacho ni msitu tu: chakula, dawa, makaburi, mizimu ya mababu. Wakawa vibarua katika mashamba ya wengine. Ilipofika Julai 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa wazi uamuzi wake: serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa hao. Tume ilitaka warudishiwe ardhi yao kwa hati, walipwe fidia, na waombwe radhi hadharani. Ilikataa pia ile hoja ya zamani kwamba kulinda mazingira kunahitaji kuwafukuza watu ambao wameishi na mazingira hayo tangu mababu.

Uamuzi huo unahusu Batwa wa Kahuzi-Biega, lakini jamii za Walikale zinapaswa kuusoma neno kwa neno, kwa sababu parke ni ile ile na amri ya 1975 ni ile ile.

Uzio peke yake haukulinda kitu

Mtu anayetetea njia ya zamani atasema: angalau msitu ulibaki. Ni kweli kwa sehemu. Bila parke, huenda gorila wa mlimani wangekuwa wamekwisha. Walinzi wa Virunga wamelipa kwa damu, zaidi ya 200 wamekufa kazini, na siku moja tu ya Aprili 2020 waliuawa 12 karibu na Rumangabo. Wengi wao ni vijana wa Kivu, watoto wa familia maskini kama zile zinazokata makala. Mtu anayeongea juu ya haki asiwasahau.

Lakini hesabu inaonyesha pia kwamba uzio na bunduki peke yake havikutosha. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipowekwa pembeni ya Virunga, msitu ulikatwa kila siku kwa ajili ya kuni, na UNESCO ikaiweka parke kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kahuzi-Biega ilifuata mwaka 1997. Bei ya koltani ilipopanda mwaka 2000, wachimbaji walijaa ndani ya Kahuzi-Biega na tembo wakaisha sehemu nyingi. Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi huko Virunga, na vifo hivyo vikahusishwa na biashara ya makala.

Makala hayo yanapikia nani? Goma. Mji ambao ulipokea mawimbi ya wakimbizi wa Masisi mwaka baada ya mwaka unapika kwa makala asubuhi na jioni. Virunga imejenga kituo cha umeme cha Matebe, chenye nguvu ya megawati 13.6, na umeme huo umewasha taa na mashine Goma. Lakini chungu cha maharagi, ambacho kinakaa motoni saa tatu, bado kinategemea makala. Mama anayekamatwa na gunia moja barabarani ndiye anayeonekana, lakini kabla yake kuna mwenye silaha aliyetoza kodi msituni, na kuna mwenye lori aliyenunua magunia mia, na baada yake kuna mji mzima unaosubiri chakula cha jioni. Ukarabati ambao utamkamata mama huyo na kumwacha mwenye lori hautaokoa mti hata mmoja.

Miji nayo imeshajifunza somo hili

Jambo hili si la misitu peke yake. Hata bustani za mijini za Afrika Mashariki zimekutana na swali hilo hilo: ukitengeneza mahali pa zamani pawe pazuri, je, watu waliopafanya pawe hai watabaki?

Zanzibar, mbele ya Ngome Kongwe na Jumba la Maajabu, kuna bustani ya Forodhani. Kila jioni wauzaji wa pweza, mishikaki na juisi ya miwa huwasha taa zao, na watu wa mji hukaa ukutani kula na kuangalia bahari. Bustani ilikuwa imechakaa, ukuta wa bahari ulikuwa unabomoka. Shirika la utamaduni la Aga Khan, pamoja na serikali ya Zanzibar, liliifanyia ukarabati mkubwa na ikafunguliwa tena mwaka 2009. Wangeweza kuifanya bustani ya hoteli. Lakini wauzaji, ambao walihamishwa wakati wa kazi, walirudi na kupata mahali pao. Mpaka leo Forodhani ni ya wageni na ya wenyeji, na mtalii anaipenda kwa sababu hiyo hiyo: mwenyeji yupo.

Nairobi nayo iliokoa bustani yake kwa njia ngumu. Mwaka 1989 watawala walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa bungeni, lakini wafadhili wa mradi waliondoka na bustani ikabaki. Mama huyo alishinda kwa swali rahisi sana: siku ya Jumapili, mtu asiye na feza ataenda wapi kupumzika na watoto wake?

Kutoka bustani ya mjini mpaka msitu wa Itebero ni mbali, lakini somo linasafiri. Mahali pa zamani pana thamani mbili: thamani ya mawe, miti au wanyama wake, na thamani ya watu wanaopatumia. Ukilinda ya kwanza kwa kuiua ya pili, kesho hakuna atakayekusaidia kulinda.

Walikale imeonyesha njia

Wenye kusema kwamba wanavijiji hawawezi kulinda msitu wanapaswa kutembea Walikale kabla ya kusema tena.

Sheria ipo. Kodi ya misitu ya mwaka 2002 inaruhusu jamii kuomba msitu inaoumiliki kwa mila. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza namna ya kufanya: jamii inaweza kupewa msitu usiozidi hekta 50,000, bila kulipa, na bila kikomo cha miaka. Hakuna mwenye kampuni ya mbao anayepata masharti mazuri kama hayo. Jamii inatakiwa kuwa na mkutano wa wote, kamati ya kusimamia, kamati ya kukagua, na baraza la wazee. Walikale ni kati ya sehemu za Kivu Kaskazini ambazo jamii zake zimeshapata hati za namna hiyo, katika wilaya ambayo barabara ni matope na vikundi vyenye silaha havikosekani.

Huko Nkuba, ndani ya Walikale, shirika la Dian Fossey linafanya kazi na wenye ardhi wa kimila katika msitu ambao si parke. Wanaofuata nyayo za gorila na kuhesabu viota ni vijana wa vijiji vya hapo hapo, wanaolipwa mshahara. Msitu unabaki wa familia zilizourithi, na gorila wanabaki ndani yake.

Hesabu za gorila wa tambarare ya mashariki zinasema kitu hicho hicho. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 hesabu ilishuka mpaka 3,800, na dunia ikalia. Mwaka 2021 watafiti walitoa hesabu mpya, karibu 6,800. Gorila hawakuzaana haraka namna hiyo. Sehemu ya tofauti ilitoka katika misitu ya jamii, nje ya mipaka ya parke, ambayo zamani haikuhesabiwa vizuri. Kwa maneno mengine, gorila wengi walikuwa wanaishi kwa wanavijiji wakati dunia inawatafuta nyuma ya uzio.

Masisi ina kazi ngumu zaidi

Masisi haiwezi kunakili Walikale moja kwa moja. Walikale ina msitu mwingi na watu wachache kwa kilometa. Masisi ina milima iliyojaa watu, na sehemu kubwa ya nyasi zake ni malisho ya wenye ng'ombe wengi, ambao baadhi yao hawaishi huko.

Tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima kuzunguka Virunga, pamoja na wa Masisi, kupanda miti ya kutengeneza makala ili msitu wa parke upumue. Ni wazo zuri na limezaa matunda. Lakini kupanda miti kunahitaji ardhi ambayo mtu anaweza kuisubiri miaka sita au saba. Mwenye hekta kumi anapanda na kungoja. Mwenye kipande cha kukodi, ambacho mwenyewe anaweza kumfukuza msimu ujao, anapanda maharagi. Ndivyo mradi wa mazingira, bila mtu kukusudia, unavyoweza kumwongezea aliye nacho na kumwacha asiye nacho akitazama parke kama shamba lake la mwisho.

Ardhi hapa si jambo dogo. Mwaka 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi, na ugomvi wa ardhi na wa nani ana haki ya kukaa wapi ulikuwa ndani yake tangu mwanzo. Kila mpango wa parke ambao utapita juu ya swali hilo kama vile halipo utakuwa unacheza na petroli.

Kwa sasa kuna jambo la haraka zaidi. Familia inayorudi kijijini na kukuta nyumba imechomwa inahitaji miti ya kujenga wiki hii hii. Inahitaji kuni leo jioni. Kama hakuna anayeleta miti ya kujengea, mabati na miche, familia hiyo itaingia msituni, na hakuna mtu mwenye akili atakayeilaumu. Mashirika yanayogawa unga na turubai kwa wanaorudi yangegawa pia miti ya ujenzi na jiko linalotumia makala kidogo. Hiyo ingekuwa kazi ya kwanza ya kufufua parke, ingawa hakuna atakayeipiga picha.

Kukata parke si haki

Kuna sauti nyingine inayosikika, hasa wakati wa uchaguzi: parke ikatwe vipande, watu wagawiwe mashamba. Inapendeza masikioni, lakini ni udanganyifu. Kwa historia ya Kivu, kipande kikigawiwa, kinaanza kwa jina la maskini na kinamalizika kwa jina la mkubwa. Mwanamke asiye na mume, kijana asiye na ng'ombe, Mpigme asiye na kitambulisho, hao watapata nini?

Tena msitu wenyewe ni mlinzi wa maisha. Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, jirani ya Masisi upande wa kusini, mvua ya siku moja ilileta maji na udongo vikaua zaidi ya watu 400. Milima iliyo wazi haishiki maji. Masisi ina milima ya namna hiyo hiyo, na kila msitu unaoisha juu unaweka kijiji cha chini katika hatari. Kulinda msitu ni haki ya maskini pia, kwa sababu tope likishuka linaanza na nyumba yake.

Wala jamii si malaika. Kuna viongozi wa kimila waliouza msitu wa watu kwa mwenye misumeno au mwenye mashine za kuchimba, wakanywa feza peke yao. Kuna kamati za msitu zenye wanaume wote na mwanamke mmoja wa kuleta chai. Kuna vikundi vyenye silaha ambavyo vikiona hati ya jamii vinaona mahali papya pa kutoza kodi. Hatari hizo ni za kweli. Dawa yake ni kuweka macho mengi: kamati ya kukagua isiyokuwa ya ukoo wa chifu, hesabu zinazosomwa mbele ya watu, na haki ya kukata rufaa kwa wilaya na jimbo. Kuwanyima watu haki kwa sababu kiongozi wao anaweza kuiba ni kuwaadhibu walioibiwa.

Mpangilio wa kazi

Kwanza, mpaka utembelewe kwa miguu kabla ya feza yoyote kutoka. Wazee wa kila kijiji, wanawake, Wapigme, walinzi wa parke na watu wa ardhi wa wilaya watembee pamoja, waandike pale wanapokubaliana na pale wanapokataa. Panapokataliwa paandikwe wazi kwamba pana ugomvi, pasifichwe. Sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 inadai wenyeji waulizwe kabla ya eneo la hifadhi kuanzishwa, kwa hiyo ni haki iliyopo, ni kuitekeleza tu. Na kama sheria hiyo inahusu hifadhi mpya, basi hekima inataka itumike pia pale mipaka ya zamani inapowekwa nguzo upya.

Pili, misitu ya jamii iwe mkanda unaozunguka parke. Upande wa Walikale hilo linawezekana sasa, kwa sababu mfano upo. Ofisi za jimbo ziache kuyakalisha maombi ya jamii kwenye meza miezi na miaka wakati faili la kampuni linapita.

Tatu, Wapigme wapate nafasi yao kwa jina. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili Wapigme katika nchi nzima. Lakini sheria inayokaa kwenye gazeti la serikali haimlishi mtu. Katika kila kamati ya msitu wa Walikale wawemo watu wao, waliochaguliwa na wao, wenye sauti ya kukataa. Na serikali itekeleze uamuzi wa Tume ya Afrika juu ya Kahuzi-Biega kabla ya kwenda kuomba feza mpya kwa jina la parke hiyo hiyo.

Nne, feza zisomwe kwa sauti. Mtalii akirudi, umeme ukiuzwa, wafadhili wakichangia, kila sultani na kila kijiji cha pembeni kijue kiasi gani kiliingia na kiasi gani kilikuja kwao, kama shule, kama zahanati au kama mshahara. Redio za hapa zinaweza kusoma hesabu hizo kwa Kiswahili, kila miezi mitatu. Mwanakijiji akijua faida yake, yeye mwenyewe atamuuliza mwenye msumeno anakwenda wapi.

Tano, makala yatibiwe Goma na Sake, si msituni tu. Miti ya kupandwa ipelekwe pia kwa wasio na ardhi, kwa mikataba ya kukodi ya miaka kumi ambayo wenye mashamba makubwa wa Masisi waisaini mbele ya wilaya. Atakayekataa kukodisha hata kona ya malisho aulizwe, mbele ya watu, alipata wapi hati yake.

Watasema: vita kwanza viishe. Lakini wale wanaopanga Ukanda wa Kijani hawakusubiri vita viishe, wala waliotia sahihi Washington hawakusubiri. Karatasi zinaandikwa sasa. Kama Masisi na Walikale zitangoja amani ndipo zitaje mipaka yao, zitakuta imeshachorwa, kama 1935, kama 1975. Wazee wanaokumbuka mti ulipokuwa mpaka na jiwe lilipokuwa kaburi wanazidi kupungua kila mwaka, wengine wamefia kambini. Wanavijiji waliobaki waanze kuandika majina hayo leo, kwenye daftari la mtoto wa shule kama hakuna karatasi nyingine. Siku wataalamu watakapokuja na ramani zao, wakute kuna ramani nyingine mezani.